Mtani Aliyeitaja Saratani Yangu

Mgonjwa anayefichwa ugonjwa wake huijua hali yake kwa namna watu wanavyomkubalia kila asemalo. Mimi niligundua mwezi wa Agosti. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu hapa Tura, mke wangu akichambua maharage, na mwanangu Yusto alikuwa amekuja kutoka Nzega anakofundisha shule ya msingi. Nikasema, kwa mzaha tu, kwamba naona mvua itanyesha leo jioni. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Hakuna mvua ya Agosti Tura, na hata watoto wanalijua hilo. Yusto akatazama juu akasema, "Inawezekana, Baba." Mke wangu, ambaye katika ndoa yetu yote hajawahi kuliacha neno langu lipite bila kulikagua, akasema, "Basi tuanue nguo."

Nikawatazama wote wawili. Hawa, nikajiuliza, wameambiwa nini kuhusu mimi?

Nimekuwa katekista wa kigango hiki tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mimi ni mtu wa Sikonge, nilikolelewa kwenye mashamba ya tumbaku, lakini kazi ya dini ndiyo iliyonileta Tura na hapa ndipo nilipooa na kuzaa. Nimeingia nyumba nyingi zenye wagonjwa mahututi, nikasali nao, nikawaandaa kumpokea padre na mafuta matakatifu. Mtu wa kazi hiyo huzijua dalili za nyumba kabla ya kumwona mgonjwa: sauti zinashuka, kuku anachinjwa bila sikukuu, na hakuna anayebishana na mwenye kitanda. Sasa dalili hizo zilikuwa kwangu. Lazima nikiri kwamba kabla ya kuogopa, nilitaka kujua.

Kikohozi kilianza wakati wa kupalilia mahindi. Sikukijali. Ijumaa Kuu, nikiongoza Njia ya Msalaba, sauti yangu ilikatika kwenye kituo cha tano, mbele ya watu wote. Nilifungua mdomo ikatoka hewa. Mwanakwaya mmoja akaendelea badala yangu, nami nikatembea nyuma kama muumini wa kawaida. Tangu siku hiyo nina sauti ya mtu anayenong'ona siri.

Zahanati walinipa dawa ya kikohozi. Tabora mjini walinipima makohozi, hawakuona kifua kikuu, wakanipiga picha na kunipeleka hospitali kubwa ya Dodoma. Huko waliniingiza sindano ndefu ubavuni wakachukua kipande. Majibu yalipotoka, nesi aliita jina langu, nikainuka, kisha daktari akachungulia mlangoni akasema, "Waingie ndugu kwanza." Waliingia mke wangu na Yusto. Nikabaki kwenye benchi na kikapu chetu chenye chupa ya chai. Walipotoka, mke wangu alikuwa amenawa uso.

"Wamesemaje?"

"Kifua, Baba," Yusto akajibu. "Kina uvimbe. Kuna dawa ya dripu, inabidi turudi karibuni."

Hapo ndipo walipojifunga wenyewe. Mimi ni mrina asali. Mizinga yangu iko porini kusini ya reli na nilikuwa nimeshachelewa kuirina. Nikawaambia kwamba kifua kimeningoja tangu masika, kitaningoja hadi Krismasi. Wakanibembeleza. Yusto akaja mara mbili kutoka Nzega. Mke wangu akaanza kupanga nguo za safari, mimi nikazipangua. Walihitaji sababu kubwa ya kunishawishi, na sababu hiyo ndiyo waliyokuwa wameapa kutoitaja. Kila wiki niliyokataa, kile kitu kifuani kilikuwa kinakua, nami nilikuwa ninafunga mizinga mipya.

Aliyetuokoa ni Ndahani.

Ndahani ni Mgogo. Alikuja Tura na genge la reli, akastaafu na hakurudi kwao. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipopita Ugogo na mizigo kichwani na wazee wao wakadai hongo ndipo wawaruhusu kunywa maji. Kwa hiyo Ndahani huniita mpagazi hata mbele ya padre, nami humwambia kabila lao lilitajirika kwa kuuza visima. Mtu akifiwa upande wetu, yeye hufika msibani, hulala mbele ya jeneza akidai alipwe kabla halijapita, humwiga marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa mashavuni. Ni haki yake, na hakuna wa kumzuia.

Yusto alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasinitajie. Alipofika kwa Ndahani hakumkuta, alikuwa msibani Manyoni. Akasahau kurudi.

Asubuhi moja nikasikia, "Hodi hapa kwa wapagazi!"

"Karibu, mtani," nikanong'ona. Mke wangu alitoka jikoni haraka mno, akiwa na mwiko mkononi, lakini Ndahani alikuwa ameshafika mbele yangu na kipande cha kamba.

"Simama wima, mpagazi, nikupime."

"Unanishonea kanzu?"

"Kanzu ya nini? Kaburi! Nimesikia mashineni una kansa ya mapafu. Nikasema huyu Mnyamwezi asije akanitesa siku yenyewe, ardhi ya Tura kiangazi ni chuma. Bora nipime mapema. Na usitegemee refu. Tutakukunja magoti, tukufunge kama mzigo wa tumbaku."

Nilicheka. Niseme ukweli huo kwanza kabla ya mengine. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, nikainama na mikono magotini, na nikiwa bado nakohoa, lile neno likanifikia.

"Umesema nina nini?"

Ndahani akashusha kamba. Akamtazama mke wangu. Mwiko ulikuwa unamdondoshea uji kwenye kanga, naye hajui.

"Mama Yusto," akasema taratibu. "Hamjamwambia?"

"Tuliwaambia watu wote wasiseme. Wewe hukuwapo."

"Lakini pale mashineni..." Akaizungusha kamba mkononi. "Walikuwa wananipungia mikono wakati naondoka. Nikadhani wananiaga."

Mke wangu akageuka akarudi jikoni. Ndahani akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye vumbi, akavua kofia yake ya reli. Nilimwona mtu aliyefungwa na desturi. Mtani haombi radhi kwa utani, na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika.

"Sasa nifanyeje, Katekista? Nikikuomba msamaha, nitakuwa nimeacha kuwa mtani wako."

"Usiniombe. Niambie unachojua. Ni pafu moja au yote?"

"Mimi ni mtu wa reli. Mapafu yako nitayajulia wapi?"

"Walisema nitaishi?"

"Mashine ilikuwa inasaga. Nimesikia kansa, nimesikia mapafu, nimesikia jina lako. Mengine yote yaliliwa na kelele." Akanitazama kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Ningejua, ningewaambia wazime."

Mchana Yusto alipiga simu, mama yake alikuwa ameshampasha. "Huyu mzee nitamshtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji!"

"Mwenyekiti ni Mnyamwezi, mwanangu. Atacheka tu."

"Baba, umekasirika?"

"Hapana. Njoo tupange safari ya Dodoma."

Nikamsikia mwanangu, mwalimu mkuu msaidizi, akilia kama siku alipong'atwa na siafu.

Watu huniuliza siku zile za kwanza nilijisikiaje. Nilikuwa nimefundisha habari za mauti na ufufuko maisha yangu yote, nikadhani mafundisho hayo yatasimama mlangoni kama askari na kuizuia hofu. Hofu ilimpita askari huyo ikaingia. Ilikuja saa za ajabu: nikifunga kamba za viatu, nikisikia treni ya mizigo ikipiga honi mbali, nikimwona jirani akipanda mche wa mwembe ambao utazaa baada ya miaka. Nilianza kuichunguza kama ninavyochunguza nyuki. Ilianzia wapi mwilini? Tumboni, halafu viganjani. Ilikaa muda gani? Si mrefu kama nilivyofikiri. Nikagundua kwamba nikiikimbia inakaa, na nikimwambia Mungu, "Naogopa sasa hivi, hapa nilipo," bila kupamba, inalegea. Sijawahi kusali sala fupi kama hizo, na sijui kama nimewahi kusali vizuri zaidi. Rozari ilinipotea, nilikuwa nachanganya matendo ya uchungu na ya furaha, nikaacha kujilaumu.

Nilijiuliza pia ugonjwa umetoka wapi. Sijavuta sigara hata moja. Lakini utoto wangu wote Sikonge nililala kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, nikichochea moto pamoja na baba yangu. Nilimuuliza daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akasema, "Baba, huenda ni moshi ule, huenda siyo. Sitaki kukudanganya." Nilimpenda kwa jibu hilo. Wewe unayesoma haya ukiwa na ugonjwa kama wangu, uliza. Uliza hata kama jibu ni "sijui." Utaona kwamba kutojua pamoja na daktari ni kwepesi kuliko kutojua peke yako kwenye benchi.

Jambo moja halikufunguka. Mke wangu.

Kila nilipoanza kulizungumza, alisema, "Kunywa uji kwanza." Nikimaliza uji, alikuwa na kuni za kukusanya. Alinihudumia kama anavyohudumiwa askofu. Alinikanda miguu, alinifulia mashuka, lakini neno saratani halikutoka mdomoni mwake, wala neno kufa, hata kuhusu kuku. Tumesali pamoja kila jioni tangu ndoa yetu, na sasa hata sala zetu zilipita pembeni. Tulimwombea mjomba wake, tuliombea mvua. Mimi nilitamani jambo moja kuliko dawa: tuliseme, mimi na yeye, tungali wawili. Nimewaona wajane wengi wakiniambia baada ya maziko, "Katekista, hatukuwahi kuagana." Niliogopa atakuwa mmoja wao, na niliogopa zaidi kwamba hakuna nitakaloweza kufanya.

Dripu ya kwanza ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Tulipanda treni hapa hapa Tura. Ndahani alikuja stesheni kudai hongo, kwa kuwa napita nchi yao, nikampa chupa ya asali. Akaionja hapo hapo mbele ya abiria. "Hii inakufikisha Itigi tu," akasema. "Ukitaka kurudi, uongeze." Watu dirishani wakacheka, nami nikapanda treni ya kwenda kutiwa sumu mishipani huku nikicheka pia. Alifanya hivyo kila safari. Nadhani ndiyo namna yake ya kuniomba msamaha bila kuuomba.

Chumba cha kungojea cha Dodoma nakijua kama kanisa langu. Ukuta wa kijani hadi usawa wa bega, mweupe juu. Benchi la karibu na dirisha hugombewa kwa ajili ya upepo. Watu wamekuja na mito, mablanketi, ndizi. Asubuhi kila mtu ni mkimya. Mpaka kufika saa nne tumeshajuana vijiji na idadi ya watoto. Mama mmoja wa Kondoa alikuwa akifuma kofia za uzi akimsubiri dada yake, na yeyote aliyeanza kunyonyoka nywele alivishwa moja bila kuulizwa rangi. Yangu ilikuwa ya zambarau. Nesi aliyenichoma sindano alikuwa anasugua viganja vyake kwanza vipate joto. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Nimekwisha kumshukuru Mungu kwa viganja hivyo mara nyingi kuliko kwa mambo makubwa.

Mwili ulinishangaza. Ndevu ziliondoka siku moja nikinawa uso, zikabaki mkononi. Kucha zikawa na mistari myeusi, mstari kwa kila dripu, kama alama za mafuriko ukutani. Ulimi ulinikana. Asali yangu mwenyewe ilikuwa na ladha ya msumari. Nikaanza kuonja kila kitu kwa udadisi: chumvi, mlenda, matobolwa niliyokula tangu utoto, viazi vile vitamu vilivyokaushwa, sasa vikawa kama kadibodi. Kisha stesheni ya Manyoni mvulana akanipitishia ukwaju dirishani, nikauweka mdomoni, na ladha ikaja yote, chachu, kali, mpaka macho yakatoa machozi. Nilimpa mke wangu kipande. "Onja, Mama Yusto, mimi nipo!" Akatabasamu, akatazama nje.

Mvua kubwa zilikuja, uyoga ukaota porini, majirani wakatuletea. Nilikosa dripu moja kwa sababu damu ilikuwa imepungua. Yusto na mama yake wakagombana kwa mara ya kwanza, yeye akitaka nihamie kwake Nzega, mama akikataa, nami nikilala chumba cha pili nikisikia jinsi ninavyogawanywa. Safari ya mwisho, kwenye kiti cha dripu cha pili kutoka changu, alikuwa mzee mmoja tuliyezoeana naye. Alifariki wodini siku hiyo hiyo. Ndugu zake walibishana kwa simu kwenye korido, wengine wakitaka mwili uende kwao, wengine uende kwa mke. Mkewe alikuwa amekaa juu ya begi. Hakuulizwa. Mke wangu alikwenda akakaa sakafuni karibu naye, akabaki hapo mpaka gari lilipokuja.

Mahindi yalipokauka tulirudi Dodoma nikapigwa picha ya kifua kwenye mashine ya duara. Yule daktari kijana alifungua mlango, na kwa mazoea akamwangalia Yusto. Nikamwambia, "Mwanangu, kifua ni changu. Niambie mimi, wao wasikilize." Akacheka kidogo, akatuingiza wote watatu.

"Kimepungua sana, Baba. Hakijaisha. Tutakuwa tunakitazama kila baada ya miezi michache. Kinaweza kukaa kimya muda mrefu, kinaweza kuamka."

"Kikiamka?"

"Tutazungumza tena, mimi na wewe."

Nikamshukuru Mungu pale pale kwenye kiti. Yusto alirudi Nzega kwa basi akiwa anaimba, mimi na mama yake tukarudi Tura.

Siku ya pili yake nilikuwa nimekaa jikoni naye, nikiota moto. Alikuwa ameinjika maharage. Bila kugeuka akasema, "Baba Yusto, ukitangulia wewe, wasikupeleke Sikonge."

Nilidhani sikusikia.

"Ndugu zako watakuja na gari," akaendelea, akikoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa. "Watasema mwanaume huzikwa kwa baba yake. Watakuchukua, na mimi na miguu hii nitafika lini Sikonge? Nitasali kwenye kaburi lipi? Tangu siku ile ya majibu nalibeba hilo. Sikuweza kukuambia. Ningekuambia ukiwa umelala vile, ungeona nakusukuma."

"Na sasa?"

"Sasa unakula." Akajifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Mtu anayekula naweza kumwambia."

Nilikuwa nimeutafsiri ukimya wake kwa namna nyingi. Nilidhani ni imani haba, nikadhani ni kunihurumia, nikadhani ni ushirikina wa kuogopa kulitaja jambo lisije. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na ombi. Niliyajua mapenzi ya mwanamke huyu, lakini sikujua alikuwa ameshatembea mpaka upande wa pili wa kifo changu na kutazama huku na huku akitafuta mahali pa kusimama.

"Nipe simu," nikasema.

Kaka yangu mkubwa ndiye mkuu wa ukoo wetu, yuko Sikonge. Akapokea. "Kaka, shikamoo," nikanong'ona.

"Marahaba! Nani? Ongea, sikusikii."

"Ni mimi. Nataka kukuambia kuhusu maziko yangu."

"Nini? Mazao? Mtandao mbaya."

Nilijaribu mara ya tatu, hewa ikatoka. Mke wangu alikuwa ananitazama. Akaweka mwiko chini, akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti.

"Shemeji, shikamoo. Ni mimi, Mama Yusto. Mdogo wako hana sauti, nasema kwa niaba yake. Ana saratani, unajua. Imepungua, tunamshukuru Mungu. Lakini siku akifa, atazikwa Tura. Mimi ndiye niliyeomba, naye amekubali."

Nilisikia jogoo wa Sikonge akiwika ndani ya simu.

"Marahaba, shemeji," kaka akasema mwishowe. "Mmekubaliana wote wawili?"

Mke wangu akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Tumekubaliana."

"Basi nitawaambia wenzangu. Mpe pole."

Akakata simu, akaipangusa kwa kanga, akanirudishia. Nikamwambia naogopa. Akasema naye anaogopa, anaogopa tangu kiangazi kile. Nikasogeza kigoda changu karibu na chake, tukakaa hapo jikoni tukiambiana, zamu kwa zamu, mpaka maharage yakaiva.